Sailensa Safi, Resi Hakuna: Kinachoisumbua Mashine Kuukuu ya Boti Ikikimbizwa

Malalamiko ya wenye boti zenye mashine za zamani hufanana. Mashine inawaka bila matata, inatulia sailensa, inaondoka ufukweni kwa adabu zote. Nahodha akifungua resi yote, mambo yanageuka: inakohoa, mizunguko inashuka, omo (mbele ya boti) inainuka, tezi (nyuma yake) inazama, boti inajikokota. Akirudisha resi nusu, mashine inapona kana kwamba hakuna kilichotokea. Nchi kavu kila mtu ana jibu lake tayari. Huyu anasema kabureta, yule plagi, wa tatu anatikisa kichwa na kusema mashine imezeeka. Basi plagi zinabadilishwa, kabureta inafunguliwa na kufungwa, pesa inatoka, na safari inayofuata ugonjwa uko palepale.

Wanaotoa majibu hayo hawajapotoka kabisa, maana kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuwa chanzo. Wanachoruka ni swali la kwanza: mashine ikikimbizwa inahitaji nini ambacho haikukihitaji ilipokuwa imetulia, na katika vitu hivyo ni kipi kinachoipungukia? Ukianzia hapo, sehemu kubwa ya upimaji unaifanya kwa macho, masikio na mikono mitupu, kabla spana haijatoka kwenye boksi.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Mashine ninayoizungumzia ni ile ya kupachika, inayofungwa tezini, ya stroki mbili na yenye kabureta. Ndiyo iliyojaa majini hadi miaka ya 1990, kabla stroki nne na mifumo ya kunyunyiza mafuta kwa umeme haijaenea. Stroki mbili maana yake kila silinda huchoma mafuta kila krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara moja. Sailensa ni mwendo wa chini kabisa, mashine ikinguruma bila kuvuta kitu. Nyingi hukaa kati ya mizunguko 600 na 1,000 kwa dakika. Resi ya mwisho ni mkono wa resi ukiwa umesukumwa mpaka unapogota, na hapo mtengenezaji hutaja kiwango ambacho mashine inapaswa kukifikia, kwa nyingi za zamani mahali fulani kati ya 4,500 na 6,000. Kiwango cha mashine yako kimo kwenye kitabu chake. Kitafute kabla ya kufanya lolote, kwa sababu bila namba hiyo huwezi hata kusema kwa uhakika kwamba kuna tatizo.

Sasa piga hesabu ndogo. Kwenye mizunguko 750, silinda moja ya stroki mbili huwaka mara 12 au 13 kwa sekunde. Kwenye 5,500 huwaka mara 92 hivi. Ndani ya sekunde moja iliyogawanywa vipande zaidi ya tisini, silinda inatakiwa ijaze hewa na mafuta, ibane, ipate cheche na itoe moshi. Mafuta nayo hayaongezeki kidogo kidogo: mashine ya stroki mbili ya nguvu farasi 40 inaweza kunywa lita 15 hivi kwa saa ikiwa resi ya mwisho, wakati sailensa inaonja tu. Paipu iliyoziba nusu, koili ya umeme wa cheche iliyochoka, kiwambo cha pampu ya mafuta kilichokakamaa, vyote vinatosha kwa kuonja. Ndiyo maana mtu anayesema "mashine ni nzima, sikiliza inavyotulia" hajathibitisha kitu kuhusu mwendo wa kasi.

Mizunguko inapanda au haipandi?

Neno "haikimbii" linaficha magonjwa matatu yasiyo na undugu, na ukiyachanganya utatengeneza kisichoharibika. Geji ya mizunguko, hata ile ya bei ndogo ya kuzungushia waya wa plagi, huyatenganisha mara moja. Asiye na geji atumie masikio.

La kwanza: mizunguko inapanda vizuri, mashine inalia kwa sauti ya juu, ila boti haisogei inavyostahili. Hapo mashine haina kosa lolote. Nguvu inapotea kati ya mashine na maji. La pili: mizunguko haifiki kiwango, lakini mashine inanguruma laini, bila kukohoa, kama mtu aliyebebeshwa mzigo mzito. Hapo shaka yangu huenda kwenye mzigo, au kwenye resi ambayo haifunguki yote. La tatu ndilo linalowachosha wengi: mashine inakohoa, inamisi, inapanda na kushuka, au inazimika. Huko ndiko mafuta na cheche wanakoulizwa maswali.

Tuanze na la kwanza, maana halichukui muda. Ndani ya kitovu cha propela nyingi kuna mpira mnene ulioshindiliwa kwa nguvu kati ya chuma cha ndani na mwili wa propela. Kazi yake ni kuyeyusha mshtuko propela ikigonga kitu. Mpira huo ukizeeka hushika vizuri kwa mwendo mdogo, kisha huteleza ukidaiwa nguvu: mashine inapiga kelele, propela inazunguka kivivu. Kuupima, chora mstari mmoja wa rangi unaovuka kutoka kwenye chuma cha ndani hadi kwenye mwili wa propela, nenda majini ufungue resi, urudi uangalie. Mstari ukiwa umekatika na vipande vyake havitazamani tena, propela imekwisha au inahitaji mpira mpya. Ukiwa mzima, angalia kama mashine imefungwa juu mno tezini au mguu wake umeinuliwa kupita kiasi, kwa sababu propela iliyo karibu na uso wa maji huvuta hewa na kukosa cha kusukuma. Dalili yake huonekana zaidi unapokata kona kali.

La pili, mzigo. Propela huhesabiwa kwa kipenyo na kwa pitchi, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingekuwa yanateleza. Kubadilisha pitchi kwa inchi moja husogeza mizunguko ya mwisho kwa takriban 150 hadi 200. Mtu aliyenunua boti ikiwa na propela ya pitchi kubwa, labda kwa kuambiwa inaongeza kasi, anaweza kukosa mizunguko 600 bila mashine kuwa na ugonjwa wowote. Boti zenyewe nazo hunenepa: povu lililo chini ya sakafu ya faiba hunywa maji kwa miaka na halikauki, ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, inakuwa na maji ambayo hakuna aliyeyafua, na viumbe wa majini wanaganda chini ya boti. Boti iliyokuwa inainuka na kuteleza juu ya maji na watu wanne sasa haiinuki na wawili, halafu lawama zinapelekwa kwa kabureta.

Kabla hujaondoka hapo, mashine ikiwa imezimwa, mwombe mtu asukume mkono wa resi hadi mwisho nawe uvue kifuniko uchungulie kwenye kabureta. Kipepeo, kile kibati kinachofungua njia ya hewa, kinatakiwa kilale kikiwa wazi kabisa. Kebo iliyovutika au kishikizo kilicholegea kinaweza kukiacha kwenye robo tatu. Mashine yenye kabureta kadhaa inatakiwa ifungue vipepeo vyote kwa pamoja. Inashangaza ni mashine ngapi zimefunguliwa vichwa kwa kosa la kebo.

Mafuta: anza nje, ingia ndani

Hapa ndipo penye mambo. Mashine inayokohoa resi ya mwisho mara nyingi ina kiu, na kiu hiyo huanzia popote kati ya tanki na silinda. Kosa la kawaida ni kuanzia mwisho wa njia, kwenye kabureta, ambako kufungua ni kazi na kufunga vibaya ni rahisi.

Chombo bora cha upimaji unacho tayari: pampu ya mkono, ule mpira wenye umbo la yai kwenye paipu ya mafuta. Nendeni majini watu wawili. Mmoja ashike usukani, mwingine achuchumae karibu na pampu. Fungueni resi mpaka mashine ianze kudhoofika, kisha anayekaa na pampu aanze kuiminya haraka haraka. Mashine ikifufuka na kuendelea kukimbia kwa muda anaominya, mmeshajua mengi: cheche ipo, kompresheni (mbano wa silinda) inatosha, jeti, vile vitundu vya mafuta ndani ya kabureta, zinapitisha. Kinachokosekana ni mafuta kufika kabureta kwa kiasi cha kutosha.

Wakati huohuo atazame umbo la ile pampu. Ikiwa imefyonzwa na kubonyea, mkwamo uko nyuma yake, upande wa tanki. Anza na tundu la hewa. Tanki linalotoa mafuta lazima liingize hewa. Tundu likifungwa au likizibwa na chumvi na mabuu ya wadudu, mvuto unajijenga ndani hadi mafuta yanagoma. Legeza kifuniko cha tanki ukimbize tena. Kama mashine imepona, umetengeneza bila kununua kitu. Kama bado, angalia kichujio kilicho mwisho wa bomba la kunyonyea ndani ya tanki, na kwa matanki yaliyojengewa ndani ya boti, ile vali ndogo inayozuia mafuta kujimwaga yenyewe paipu ikikatika. Vali hiyo ina gololi ndogo na springi, na ikishika kutu hupitisha mafuta ya sailensa tu.

Paipu yenyewe inaweza kudanganya. Kwa nje ni nzima, nyeusi, inang'aa. Ndani, tabaka la mpira limebanduka kwa sababu ya petroli yenye ethanoli, pombe inayochanganywa humo, na linafanya kazi kama mlango: mashine ikivuta kidogo linabaki ukutani, ikivuta sana linajifunga. Huwezi kuligundua kwa kupuliza na mdomo. Paipu ambayo hujui umri wake, badilisha, tena kwa kipenyo ambacho kitabu kinasema. Mashine kubwa zinahitaji paipu ya inchi 3/8 kwa ndani, na mtu akiweka nyembamba kwa sababu ndiyo iliyopatikana, amejijengea mkwamo wake mwenyewe.

Pampu ikiwa haijabonyea ila mashine bado inafufuka ukiiminya, shaka ni mbili: hewa inaingia mahali, au pampu ya mashine imechoka. Suala la hewa ndilo linalowapiga watu chenga. Wanatafuta mahali mafuta yanapovuja na hawaoni hata tone. Fikiria unakunywa kwa mrija wenye ufa mdogo karibu na mdomo. Ukinyonya taratibu kinywaji kinapanda. Ukinyonya kwa pupa unapata hewa, wala hakuna kinachochuruzika nje kupitia ule ufa. Paipu ya mafuta iko hivyohivyo. Sehemu yote kati ya tanki na pampu ya mashine iko kwenye mvuto, kwa hiyo ufa hauvujishi nje, unaingiza hewa ndani. Waliozoea huunga kwa muda kipande cha paipu inayoonesha ndani karibu na mashine, wakatazama: viputo vikipita kwa wingi resi ikifunguliwa, hewa imepatikana. Mara nyingi mhalifu ni ile ringi ya mpira kwenye kiungio cha kuchomekea, kitu kidogo kuliko kucha.

Njia ya mkato ni kuazima tanki la kubebeka lenye paipu na pampu yake, ambalo unajua linafanya kazi kwenye mashine nyingine, ulichomeke moja kwa moja. Mashine ikikimbia, kila kitu cha upande wa boti kina kesi ya kujibu na mashine imeachiwa huru. Isipokimbia, umeiachia boti huru. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kufanya majini. Nimekiweka baada ya pampu ya mkono kwa sababu tu si kila mtu ana wa kumwazima tanki.

Pampu ya mashine kwenye stroki mbili nyingi haiendeshwi na umeme wala mkono wa chuma. Inapumua kwa kiwambo chembamba kinachosukumwa na kuvutwa na mapigo ya hewa kutoka chumba cha krenki. Kiwambo kikikakamaa kinapiga kwa uvivu, na kikitoboka kinaweza kumwaga petroli moja kwa moja kwenye chumba cha krenki, ukaona mashine inajaa mafuta huku kabureta ina njaa. Seti ya vipuri vya kuikarabati ni ndogo na rahisi kufunga. Kuna mtego mmoja hapo: kwenye mashine nyingi mapigo hayo yanatoka silinda moja. Silinda hiyo ikidhoofika kompresheni, pampu mpya nayo itakuwa dhaifu.

Sasa kabureta. Tuseme pampu ya mkono haikusaidia kitu, na tanki la kuazima halikusaidia. Kabureta ina njia mbili ambazo hazifanyi kazi kwa zamu moja. Sailensa inalishwa na vijitundu vyake na skrubu yake ya kurekebisha. Resi ikifunguliwa, kazi inahamia kwenye jeti kuu, kipande cha shaba chenye tundu jembamba kilicho chini, kwenye bakuli la mafuta la kabureta. Petroli iliyolala miezi hukauka na kuacha utando kama vanishi, na tundu la jeti kuu linaweza kupungua bila sailensa kujua. Kwa hiyo kuzungusha ile skrubu ya nje, jambo ambalo kila mpita njia hulifanya, hakugusi tatizo la resi ya mwisho. Kupulizia dawa ya kopo mdomoni mwa kabureta pia hakuondoi uchafu wa jeti: inabidi bakuli lishuke, jeti itoke, uinue juu uone mwanga wa duara kamili. Usichokonoe kwa waya. Shaba ni laini, tundu likipanuka umebadilisha kipimo. Bakuli likiwa chini, tazama na boya, kile kinachoelea humo na kupima kimo cha mafuta. Likikaa chini ya kimo chake, bakuli halijai na resi ya mwisho inalimaliza.

Kipimo kidogo cha kuthibitisha: mashine ikianza kukohoa, vuta choki, kibati cha kupunguza hewa, kidogo au sukuma ufunguo wa kuongeza mafuta. Ikipata nguvu, inakula mafuta kidogo mno. Ikizidi kusongwa, tatizo si kiu.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu ndipo mashine zinapofia. Kwenye stroki mbili ya kuchanganya, oili inasafiri ndani ya petroli. Silinda inayokosa petroli inakosa na oili, halafu mchanganyiko mwembamba unaunguza kwa joto kali zaidi. Mashine yenye silinda tatu na kabureta tatu inaweza kukimbia huku silinda moja inaungua taratibu. Nahodha anahisi upungufu kidogo tu wa nguvu, analazimisha safari, na mwisho wake ni pistoni iliyotoboka. Mashine inayodhoofika resi ya mwisho isilazimishwe. Rudisha resi, rudi taratibu.

Hapohapo kuna imani inayoendana na kosa hilo, kwamba kuongeza oili ni kuilinda mashine. Kipimo cha 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita ya petroli, na baadhi ya mashine za zamani zaidi zinataka 25 kwa 1, yaani mililita 40. Jeti hupima jumla ya kinachopita, haijui oili wala petroli. Ukizidisha oili kuliko kitabu kinavyotaka, kila tone linalopita lina petroli pungufu, mchanganyiko unakuwa mwembamba zaidi na masizi yanaongezeka.

Na maji kwenye mafuta? Chota mafuta kutoka chini ya tanki, mimina kwenye chupa angavu, yaache yatulie. Maji yanakaa chini na mstari unaonekana kwa macho. Petroli yenye ethanoli hunyonya maji mpaka ishindwe kuyabeba, kisha hujitenga, na kiongezi chochote cha chupa hakirudishi mafuta ya namna hiyo kuwa mazuri. Yatolewe.

Cheche, na mambo ambayo hayaonekani

Masikio yanasaidia kutofautisha. Tatizo la mafuta kwa kawaida huja polepole: mashine inalegea, inasitasita, inafifia. Tatizo la umeme hukata ghafla na kurudi ghafla, kama mtu anayecheza na swichi. Si sheria isiyovunjwa, lakini ukisikia mkato mkali, acha kabureta uende kwenye waya.

Watu wengi hupima cheche kwa kutoa plagi, kuilaza juu ya chuma na kuvuta kamba. Wakiona cheche wanaridhika. Nje hakuna mgandamizo; ndani ya silinda iliyobana, umeme unahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka pengo lilelile. Kipima cheche kinachorekebishika, kikiwekwa pengo la milimita 11 hivi kwa mashine nyingi zenye moduli ya umeme, kinasema ukweli zaidi: cheche ya buluu inayopasuka kwa sauti imefaulu, ya njano iliyokonda imefeli. Koili nyingi zilizochoka hufanya kazi zikiwa baridi na kugoma zikipata moto, kwa hiyo pima baada ya mashine kukimbia.

Chini ya flaiwili, gurudumu zito lililo juu ya mashine, kuna koili zinazozalisha umeme wa kuwasha. Kwenye baadhi ya mashine za zamani koili hizo ni za aina mbili, moja ya mwendo wa chini na nyingine ya mwendo wa juu. Ile ya juu ikifa, unapata hasa ugonjwa tunaouzungumzia: kuwaka kuzuri, sailensa safi, kisha kumisi kadiri mizunguko inavyopanda. Mita ya kawaida ikipima ukinzani itaonesha, mradi una namba za kitabu za kulinganisha.

Halafu kuna taimingi, yaani saa ya cheche kuruka. Mizunguko ikipanda, cheche lazima ije mapema zaidi ili moto upate muda wa kuenea kabla pistoni haijashuka. Mashine nyingi za zamani hufanya hivyo kwa fito ndogo zinazozungusha sahani iliyo chini ya flaiwili sambamba na resi. Fito ikinasa kwa chumvi na grisi iliyokauka, mashine inafungua hewa na mafuta huku cheche imebaki na saa ya sailensa. Inavuta kizito, haina kasi, wala haikohoi sana. Wakati wa kutazama kipepeo, tazama na hiyo sahani kama inasogea.

Baadhi ya mashine, hasa za kuanzia miaka ya 1980, zina ulinzi unaozuia mizunguko isizidi takriban 2,500 zikipata joto kupita kiasi. Mwenye mashine huona imekwama kwenye namba moja na kutetemeka, akadhani imekufa. Kabla ya kulaumu kifaa cha ulinzi, hakikisha maji ya kupoza yanatoka kwa nguvu. Impela ya mpira inayosukuma maji hayo, kwenye mguu wa mashine, huchakaa na ni ya kubadilishwa kila baada ya muda hata kama haijalalamika.

Kipimo kimoja cha ajabu lakini halali: kimbiza boti kwa muda mfupi bila kifuniko cha juu cha mashine, mikono na nguo zikiwa mbali na flaiwili. Ikikimbia vizuri bila kifuniko na kusongwa ikifunikwa, moshi unavuja ndani ya kifuniko kupitia gasketi au bomba la ndani lililotoboka, na mashine inavuta pumzi yake yenyewe.

Vipi kuhusu uzee? Uzee unapimika, kwa geji ya kompresheni, kifaa kinachofungwa kwenye tundu la plagi kuonesha silinda inabana kiasi gani. Toa plagi zote, unganisha nyaya zake na chuma cha mashine, fungua resi yote, zungusha mpaka mshale usimame. Namba yenyewe hutofautiana kati ya mashine na mashine, hata kati ya geji na geji. Cha kutazama ni kama silinda hazipishani zaidi ya asilimia 10 hivi. Zikiwa sawa na hakuna iliyo chini mno, mashine haijachoka hata kama ina miaka 40, na yeyote anayekwambia uitupe hajaipima. Moja ikiwa chini sana, weka pesa mfukoni: hakuna kabureta, plagi wala koili itakayoirudisha. Kipimo hiki kinachukua dakika chache, na napendekeza kifanyike kabla ya kununua kifaa chochote.

Mahali pa kupimia

Mashine iliyowekewa maji ya bomba nchi kavu haina mzigo. Itapanda mizunguko bila shida, itakufurahisha, na haitakuonesha kitu. Zaidi ya hapo, kuipiga resi ya juu bila propela kusukuma maji kunaweza kuizidisha mizunguko na kuivunja, na maji ya bomba huenda yasitoshe kuipoza. Vipimo vya kasi ni vya majini, mahali peupe, watu wawili, maboya ya kujiokolea yamevaliwa na kamba ya kuzimia mashine imefungwa mwilini.

Ukishatengeneza, plagi zitakwambia kama umepatia. Kimbiza resi ya mwisho kwa dakika moja au mbili, kisha zima papo hapo badala ya kurudi sailensa kwanza, maana sailensa itafuta ushahidi. Boti ndogo yenye tezi fupi, jihadhari na wimbi lako mwenyewe lisikupande kwa nyuma. Toa plagi zote uzipange kwa mpangilio wa silinda. Zikiwa na rangi ya kahawia inayofanana, silinda zinakula sawa. Moja ikiwa nyeupe kama imechomwa, silinda hiyo bado ina kiu, na kabureta yake ifunguliwe kabla ya safari nyingine. Ikiwa nyeusi na mbichi, mafuta yanafika bila kuungua, rudi kwenye cheche. Mwisho soma geji: kama mizunguko sasa inavuka kiwango cha kitabu, propela iliyopo ni ndogo kwa mashine iliyopona, na inayofuata iwe ya pitchi kubwa kidogo.